Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi: kwa nini tuna zote mbili, na nani anafanya nini mle ndani?

#1 Mchunga Faili
Wakuu, habari za saa hizi. Baba mdogo alikuwa na shauri la madai Mahakama ya Mwanzo, kashindwa, hajaridhika. Mimi ndiye nimetumwa kufuatilia rufaa kwa sababu ukoo mzima unaamini aliyefika chuo anajua kila kitu. Nafika pale, nje pana kibao cha Mahakama ya Wilaya, hatua chache pana kibao cha Mahakama ya Hakimu Mkazi. Dirisha la kwanza naambiwa hapa siyo. La pili naulizwa kama nimeshapita kwa karani. Karani mwenyewe kaenda kula.

Naomba kueleweshwa. Hizi mahakama mbili zina tofauti gani, kama geti ni moja na mahakimu wanaonekana ni walewale? Na mle ndani mkubwa ni nani: hakimu mfawidhi, mtendaji, au msajili? Kila niliyemuuliza alimtaja mwingine. Wanasheria mje huku.

#2 Jirani Mwema
Nimeweka kambi hapa, wajuzi waje.

#3 Kiranja wa Zamu
Mbona rahisi sana hiyo. Mwanzo iko huko chini kwenye kata na tarafa, Wilaya iko wilayani, Hakimu Mkazi iko mkoani. Ukishindwa Mwanzo unakata rufaa Wilaya, ukishindwa Wilaya unapanda kwa Hakimu Mkazi, ukishindwa hapo ndiyo Mahakama Kuu, halafu Rufani. Ni kama serikali ilivyo, DC (Mkuu wa Wilaya), RC (Mkuu wa Mkoa), halafu Dodoma. Uzi ufungwe.

#4 Kalamu Nyekundu
Uzi usifungwe. #3 amepotosha palepale ambapo mtu anapoteza haki yake.

Kutoka Wilaya huendi kwa Hakimu Mkazi. Unaenda Mahakama Kuu moja kwa moja. Na kutoka kwa Hakimu Mkazi vilevile unaenda Mahakama Kuu. Hizo mbili ziko ngazi moja. Kwa madai ya kawaida hata kiwango cha fedha ni kilekile: tangu marekebisho ya 2016 ni shilingi milioni 300 kwa mali isiyohamishika na milioni 200 kwa inayohamishika. Mwanzo ni milioni 50 na milioni 30.

Tofauti inayomhusu mleta uzi ni hii. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, imeipa Mahakama ya Wilaya kazi ya kusikiliza rufaa za Mwanzo na kuzisimamia Mwanzo zilizo ndani ya wilaya yake. Inaweza kuita jalada, ikalikagua, ikarekebisha palipoharibika. Mahakama ya Hakimu Mkazi haina kazi hiyo. Ukiandika rufaa ya Mwanzo na juu ukaweka "Katika Mahakama ya Hakimu Mkazi", hata kama atakayeisoma ni hakimu yuleyule, umeshajiponza. Kichwa cha hati kinaangaliwa kabla ya hoja zako tamu.

#5 Mchunga Faili
Shukrani #4, umeniokoa, nilikuwa nimeshaandika hivyohivyo. Sasa kama ziko ngazi moja, fedha ileile na mahakimu walewale, kwa nini hawaziunganishi tukapumzika?

#6 Mzee wa Masjala
Nimestaafu ukarani wa mahakama, kwa hiyo nasema nilichokishika kwa mikono yangu.

Mkoloni alikuwa na mahakama za wenyeji, zilizokaa chini ya utawala, kwa machifu na maliwali, na upande mwingine palikuwa na mahakama za mahakimu wa Kizungu. Sheria ya 1963 ndiyo iliyozifanya kuwa mfumo mmoja unaoanzia Mwanzo mpaka Mahakama Kuu. Hii tunayotumia sasa ni ya 1984. Katika mfumo huo hakimu wa wilaya na hakimu mkazi walikuwa watu wawili tofauti. Hakimu mkazi ni mwenye shahada ya sheria. Mahakimu wa wilaya wengi walipanda kutoka Mwanzo kwa kozi na kwa uzoefu, na kuna makosa ya jinai ambayo hawakuruhusiwa kuyagusa. Hao wa zamani tumestaafu nao. Leo ukiingia Wilaya unamkuta hakimu mkazi kakaa kwenye kiti. Kwa hiyo jibu langu kwa mleta uzi ni kwamba majina yamebaki kutokana na vyeo ambavyo wenyewe hawapo tena.

Kuhusu karani, watu wanadhani kazi yake ni kugonga mhuri. Hati ikija dirishani anaangalia kwanza kama imekuja mahakama inayostahili, imesainiwa, ada imelipwa. Akishapokea anaipa namba, anaiingiza kwenye rejesta, anafungua jalada. Enzi zetu lilikuwa karatasi ngumu, nyaraka zimetobolewa pembeni na kufungwa uzi. Sasa sikilizeni kitu kimoja ambacho wadaawa hawakijui. Kila siku shauri linapoitwa, ukurasa unaanza na akidi: tarehe, jina la hakimu, mdai yupo au hayupo, mdaiwa yupo au hayupo, karani ni fulani. Kule Mwanzo na wazee wa baraza wanaandikwa hapo. Nimeona mtu kafika saa 2 asubuhi, jina lake linaitwa yuko nje anaongea na simu, pameandikwa "mdai hayupo". Miezi imepita anaapa kwamba alikuwepo. Rufaani wanasoma jalada, na jalada linasema hayupo.

#7 Shahidi wa Tatu
Shikamoo mzee. Kwa hiyo yule karani aliyekwenda kula ni mwanafunzi wako?

#8 Mzee wa Masjala
Marahaba. Karani naye ana tumbo.

#9 Mgosi wa Korogwe
Heshima kwa mzee #6, ila mimi naona suala ni eneo, vyeo baadaye. Mahakama ya Wilaya inaishia kwenye mpaka wa wilaya yake. Ya Hakimu Mkazi inaanzishwa na Jaji Mkuu na anaipangia eneo, mara nyingi mkoa mzima. Ndiyo maana Dar es Salaam kesi kubwa za jinai mnazosikia kwenye redio kila siku zinasomwa Kisutu. Kisutu ni Hakimu Mkazi. Mtu anatuhumiwa kwa jambo lililoanzia Temeke likamalizikia Kinondoni, unampeleka Wilaya ipi? Kisutu inamaliza ubishi.

#10 Kalamu Nyekundu
Hoja ya #9 ina uzito. Lakini haielezi kwa nini mikoani, kwenye mji wenye wilaya moja, bado zote mbili zimekaa jengo moja na kugawana meza.

#11 Binti wa Kinondoni
Kukaa jengo moja ni mpango, wala si ajali. Mwaka 2021 vilifunguliwa Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki 6: Dodoma, Arusha, Mwanza, Morogoro, na viwili Dar es Salaam, yaani Temeke na Kinondoni. Humo unakuta ngazi kadhaa kuanzia Mwanzo mpaka Mahakama Kuu, na cha Temeke kimewekwa kwa ajili ya mirathi na ndoa. Mimi nilifuata mambo ya talaka, na nilichokipenda ni kwamba ustawi wa jamii wapo humohumo. Nilichokichukia ni kurudishwa nyumbani kwa sababu sikuwa na hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa.

#12 Kiranja wa Zamu
Dada #11, Baraza la nini tena? Mtu kaamua kuachana mnampeleka kusuluhishwa?

#13 Binti wa Kinondoni
Sheria ya Ndoa ya 1971, kaka. Kabla ya kufungua shauri la talaka lazima upite barazani, liwe la kata, la BAKWATA (la Waislamu) au la kanisa, wakuandikie kwamba usuluhishi umeshindikana. Kuna hali chache zinazosamehewa, yangu haikuwa mojawapo. Baraza siyo mahakama, ila bila karatasi yao mahakama haikusikilizi.

#14 Afisa Tawala
Swali la nani bosi limeachwa. Mimi nimefanya kazi upande wa utawala, nitajibu.

Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya 2011 ilitenganisha mambo mawili. Mashauri yako kwa hakimu mfawidhi: nani asikilize nini, lini, yapi yamekaa muda mrefu. Fedha, watumishi, jengo, magari, karatasi na wino viko kwa mtendaji. Juu kabisa kuna Msajili Mkuu kwa upande wa kazi za kimahakama na Mtendaji Mkuu kwa upande wa utawala. Msajili kwenye Mahakama za Mahakimu humkuti. Utamkuta Mahakama Kuu, kila kanda ina Naibu Msajili, naye ndiye anayesimamia masjala ya Mahakama Kuu, anakadiria gharama za kesi na kushughulikia kukazia hukumu, yaani kuitekeleza. Kwa hiyo mleta uzi, aliyekwambia umwone msajili pale wilayani alikuwa anakufukuza kwa adabu.

#15 Nyundo ya Chuma
Hiyo ni ya kwenye makaratasi mkuu. Kwenye uhalisia karatasi zikiisha mwananchi anamlalamikia hakimu, umeme ukikatika analalamikiwa hakimu, choo kikiziba hakimu. Mtendaji wananchi hata sura yake hawaijui. Bosi ni mfawidhi.

#16 Jirani Mwema
Bosi ni karani. Mzee #6 amesema mwenyewe, akikuandika hupo, hupo.

#17 Mzee wa Masjala
Akidi anaiandika hakimu, kijana. Karani anaita majina tu. Soma vizuri.

#18 Jirani Mwema
Basi bosi ni anayeita majina kwa sauti ya chini.

#19 Mama Neema wa Mbeya
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mume wangu alifariki, Mahakama ya Mwanzo ikamteua shemeji kuwa msimamizi wa mirathi. Ni muda mrefu sasa, mali hatujaonyeshwa, nyumba ya kupangisha anakusanya kodi yeye. Nikienda mahakamani naambiwa shauri limekwisha. Limekwishaje na watoto hawajapata kitu?

#20 Kalamu Nyekundu
Pole sana mama. Halijakwisha. Kuteuliwa ndiyo mwanzo. Kwa kanuni za mirathi za Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ndani ya miezi 4 anatakiwa alete orodha ya mali na madeni, ile Fomu Na. 5, na baadaye alete hesabu za jinsi alivyogawa, Fomu Na. 6. Jalada linafungwa hesabu zikishapokelewa. Nenda mahakama ileile, usiende kwingine, uliza kwa karani kama fomu hizo zimo kwenye jalada. Kama hazimo, andika maombi shemeji aitwe ajieleze, na ukiona hafai omba uteuzi wake utenguliwe. Hiyo siyo rufaa, kwa hiyo usikubali kuambiwa umepitisha siku 30 za kukata rufaa.

#21 Mgosi wa Korogwe
Swali moja muhimu: marehemu alikuwa Mkristo? Maana Mwanzo inasikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu tu.

#22 Mama Neema wa Mbeya
Tulifunga ndoa kanisani.

#23 Mgosi wa Korogwe
Basi uteuzi wote una kasoro. Mwanzo haikuwa na mamlaka. Omba shauri lifutwe lianze upya.

#24 Wakili wa Mtaani
Taratibu #23, usimpe mama kazi ya kuanza upya kirahisi hivyo. Ubatizo peke yake hautoshi. Mahakama zinaangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini: alijitenga na mila za kwao au alizifuata? Wako Wakristo wengi wanaozikwa kimila, wanarithiwa kimila, na Mwanzo inasikiliza mirathi yao. Kuna hukumu zinazovutia upande huu na nyingine upande ule. Mama, jaribu kwanza njia ya #20, ndiyo ya haraka.

#25 Mgosi wa Korogwe
Mamlaka ya mahakama hayaangaliwi kwa uharaka. Mimi nabaki pale pale.

#26 Kisiwani
Nawasoma tangu mwanzo nacheka. Huku Zanzibar alichosema #3 hakiko mbali sana! Sisi tuna Mahakama za Mwanzo, za Wilaya, na za Mkoa, na ya Mkoa iko juu ya Wilaya na chini ya Mahakama Kuu. Mahakama Kuu ya Zanzibar ni yetu wenyewe, na tuna Mahakama za Kadhi. Tunakutana nanyi Mahakama ya Rufani tu. Na hata huko, mashauri yaliyoanzia kwa Kadhi hayavuki, wala tafsiri ya Katiba ya Zanzibar.

#27 Kiranja wa Zamu
Mnaona sasa! Nilikuwa naongelea Zanzibar.

#28 Shahidi wa Tatu
#27 ulisema "halafu Dodoma". Boti inapita wapi kwenda huko?

#29 Nyundo ya Chuma
😂😂

#30 Mchunga Faili
Narudi kwenye rufaa ya baba mdogo. Siku 30 zinahesabiwa tangu lini, siku hukumu iliposomwa au siku nilipopewa nakala? Nakala hatujapewa mpaka leo.

#31 Wakili wa Mtaani
Kisheria muda wa kusubiri nakala unatolewa kwenye hesabu. Hakikisha uliomba nakala kwa maandishi na una kopi yenye mhuri wa kupokelewa.

#32 Kalamu Nyekundu
Hapana, hiyo ni kwa rufaa ambazo sheria inataka nakala iambatanishwe. Rufaa ya Mwanzo kwenda Wilaya haidai nakala ya hukumu. Unaandika sababu za rufaa, unawasilisha Wilaya, Wilaya yenyewe inaita jalada kutoka Mwanzo. Kwa hiyo siku zinakwenda tangu uamuzi uliposomwa. Nimeona watu wakisubiri nakala kwa amani kabisa, wanafika wanaambiwa nje ya muda.

#33 Wakili wa Mtaani
Na mimi nimeona waliokubaliwa kwa hoja ya nakala. Utaandikaje sababu za rufaa bila kuona hukumu inasema nini?

#34 Kalamu Nyekundu
Kwa kusikiliza ilipokuwa inasomwa. Mleta uzi, sisi tutabishana mpaka kesho, wewe wasilisha ndani ya siku 30 tangu siku ya kusomwa. Na kama zimeshapita, anza na maombi ya kuongezewa muda. Usibandike rufaa juu ya matumaini. Halafu jambo jingine la kuchanganya: ukishindwa tena Wilaya ukataka kwenda Mahakama Kuu, rufaa hiyo ya pili unaiwasilisha palepale Wilaya ilikoamuliwa, wao ndio wanaisafirisha pamoja na jalada. Watu wanapanda basi mpaka kanda, wanarudishwa.

#35 Mkulima wa Kilosa
Kwa nini majalada yanapotea? Langu liliwahi kutoonekana kabisa, kesi inaahirishwa, naambiwa bado linatafutwa. Sitaji mahakama.

#36 Nyundo ya Chuma
Majalada hayapotei, yanapotezwa. Upande wenye pesa ukiona unashindwa, jalada linatembea.

#37 Mzee wa Masjala
Sikatai, wapo wenzetu waliotuaibisha. Lakini mengi niliyoyatafuta niliyakuta. Rufaa ndogo ikikatwa juu ya uamuzi wa katikati ya shauri, jalada halisi linaitwa juu, na kesi ya msingi inabaki bila jalada. Au hakimu kahamishwa, linasubiri kupangiwa mwingine, liko kabatini na hakuna anayeuliza. Au liko kwa mchapaji. Tatizo ni karani kutoandika kwenye rejesta ya mwendo wa majalada kwamba limetoka, limekwenda wapi, nani kalichukua.

#38 Afisa Tawala
Hilo linakwisha na e-CMS, mfumo wa kielektroniki wa kuendesha mashauri. Hati zinaingizwa kwa mtandao, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu, hatua za shauri zinaonekana. Na hukumu za Mahakama Kuu na Rufani mnazisoma bure kwenye tovuti ya TanzLII.

#39 Mkulima wa Kilosa
Mtandao wenyewe huku kwetu unakuja jioni. Steshenari wanakutoza kuskani, wanakutoza kuingiza, na ukikosea jina wanakutoza kurekebisha. Zamani nilikuwa natafuta karani, sasa natafuta kijana wa steshenari.

#40 Nyundo ya Chuma
Na mfumo haumzuii mtu kuahirisha kesi. "Mtandao haupo" imekuwa sababu mpya.

#41 Binti wa Kinondoni
Swali kwa wajuzi: kuna binamu yangu yuko mahabusu kwa kesi ya mauaji. Analetwa mbele ya hakimu, hakimu anasema upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Hakimu huyo huyo anasema yeye hana mamlaka ya kusikiliza. Kama hana, wanampeleka kufanya nini?

#42 Wakili wa Mtaani
Mauaji yanasikilizwa na Mahakama Kuu, ila shauri linafunguliwa kwanza mahakama ya chini wakati upelelezi unaendelea. Ukikamilika, hakimu anamsomea maelezo ya mashahidi na vielelezo kisha anamhamishia Mahakama Kuu. Huko anaweza kusikilizwa na jaji, au likapelekwa kwa hakimu mkazi aliyepewa mamlaka ya nyongeza, yaani ya kusikiliza kesi za Mahakama Kuu. Ucheleweshaji mwingi hapo hauko mikononi mwa mahakama. Upelelezi ni polisi, uamuzi wa kushtaki ni Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Hao wana ofisi zao, kumwona mwendesha mashtaka amekaa meza ya mbele kusikufanye udhani ni mtumishi wa mahakama.

#43 Nyundo ya Chuma
Mahakama nayo inaweza kuwabana. Kila baada ya siku 14 hakimu anaitikia tu "naam" na kupanga tarehe nyingine.

#44 Wakili wa Mtaani
Kwa kosa ambalo hana mamlaka ya kulisikiliza na halina dhamana, atambana kwa lipi?

#45 Mkulima wa Kilosa
Kwa kuuliza. Hata kuuliza hawaulizi.

#46 Jirani Mwema
Kwani mkimchoka hakimu mnashtaki wapi? Nilisikia kwa DC.

#47 Afisa Tawala
Ni kweli. Sheria hiyohiyo ya 2011 imeunda Kamati za Maadili. Ya wilaya mwenyekiti ni Mkuu wa Wilaya, inapokea malalamiko dhidi ya mahakimu wa Mwanzo. Ya mkoa inaongozwa na Mkuu wa Mkoa. Taarifa zinapanda Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kamati inaangalia mwenendo wa hakimu: ulevi, rushwa, lugha chafu. Hukumu haibadilishi.

#48 Mgosi wa Korogwe
Hapo ndipo pananikera. Mkuu wa Wilaya ni mteule wa Rais, ni serikali. Kesho serikali ina kesi mbele ya hakimu huyo huyo. Uhuru wa mhimili wa Mahakama uko wapi?

#49 Afisa Tawala
Yeye si peke yake kwenye kamati, na haamui adhabu. Mwananchi wa kijijini ofisi ya DC anaijua, ya Tume haijui.

#50 Mgosi wa Korogwe
Kuijua si sababu. Hata polisi tunaijua.

#51 Mkulima wa Kilosa
Nyie mnabishana mhimili, mimi nilipeleka mgogoro wa shamba Mwanzo nikaambiwa ardhi haisikilizwi pale. Kwenda Baraza la Kata, wakasema wao tangu 2021 wanasuluhisha tu, hawaamui. Wakaniandikia karatasi niende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hayo mabaraza nayo ni mahakama?

#52 Kalamu Nyekundu
Kata wamekwambia sahihi, na hiyo karatasi itunze. Baraza la Wilaya halikupokei bila kuonyesha kwamba Kata wameshindwa kuwapatanisha. Ukishindwa Baraza la Wilaya, rufaa ni Mahakama Kuu.

#53 Kiranja wa Zamu
Na wakili Mwanzo anaruhusiwa? Baba yangu alikatazwa.

#54 Wakili wa Mtaani
Zamani ilikuwa marufuku. Tangu 2021 anaruhusiwa, iwapo Mahakama ya Mwanzo hiyo inaongozwa na hakimu mkazi. Na lugha ya mahakama zote sasa ni Kiswahili kwa sheria ya mwaka huohuo, ingawa huko juu bado utakutana na hukumu za Kiingereza.

#55 Dereva wa Shamba
Wakuu msilale. Dalali wa mahakama amekuja leo amekamata trekta. Kaka yangu ndiye anadaiwa, ana hukumu dhidi yake. Trekta ni langu, nilikuwa nimeegesha kwake tu. Dalali anasema atauza, nikalalamike mbele.

#56 Kalamu Nyekundu
Usipigane na dalali, yeye ana amri mkononi anatekeleza. Nenda mahakama iliyotoa amri ya kukazia hukumu. Fungua maombi ya kupinga ukamataji wa mali, na humohumo uombe trekta lisiuzwe mpaka maombi yasikilizwe. Ambatanisha kadi ya trekta. Fanya kesho asubuhi, likishauzwa habari inakuwa nyingine kabisa.

#57 Dereva wa Shamba
Kadi ina jina la kaka. Alininunulia kwa pesa zangu.

#58 Shahidi wa Tatu
Duh.

#59 Kalamu Nyekundu
Basi leta ushahidi kwamba pesa zilitoka kwako: miamala ya benki au ya simu, risiti za vipuri, makubaliano yenu kama yapo, na mtu aliyeshuhudia. Usimtegemee kaka peke yake, hakimu ataona anaokoa mali yake kwa mlango wa nyuma. Na chukua namba ya shauri kwenye amri aliyonayo dalali, piga picha. Bila namba hiyo masjala hawatakusaidia.

#60 Dereva wa Shamba
Picha ninayo. Asante mkuu. Miamala ya simu ipo, benki sina.

#61 Kiranja wa Zamu
Trekta ni la farasi ngapi? Likifika mnadani mniambie.

#62 Dereva wa Shamba
#61 Mungu anakuona.